Mwalimu Nyerere na Sala ya Kila Siku



Kamati ya jarida letu imenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye mwanafunzi aweza kujifunza kwake namna ya kukaa na Mungu kila siku. Kwanza nilifikiri niandike juu ya mashahidi wa Uganda, kwa sababu hao ndio tuliozoea kusomewa tangu kidato cha kwanza. Kisha nikaona kwamba mashahidi tunawapenda lakini pia tunawaweka mbali. Tunadhani mambo yao ni ya moto na mkuki tu, wala si ya Jumatatu asubuhi. Mimi nataka kusema juu ya Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye siasa yake inajulikana kwa kila mtoto wa shule, lakini sala yake haisemwi sana.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kumchagua, nami sina budi kuieleza kwanza, ili msije mkadhani kwamba nawahubiria kutoka juu ya mlima.

Mwalimu alipofariki, Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1999, mimi nilikuwa kidato cha tatu hapo Visiga. Habari zilipotufikia kwamba Rais Mkapa ametangaza msiba, masomo yalikwama. Jioni tulikusanyika kikanisani, na padre mlezi wetu akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: kwamba mzee huyo, kwa miaka mingi akiwa Ikulu na hata baada ya kutoka, alikuwa akihudhuria Misa kila siku kama sisi tulivyokuwa tukihudhuria. Padre akaongeza kwamba tofauti ni moja tu, yaani sisi tunaamshwa na kengele, naye hakuwa na wa kumpigia. Nilimnong'oneza mwenzangu kwamba rais hana shida ya kuamka, maana ana walinzi wa kumwamsha na gari la kumpeleka. Tulicheka chini chini, na benchi zima likacheka. Tulipewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanjani, nasi tulistahili.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2000 na sikuendelea na njia ya upadre. Nikasoma mahali pengine, nikapata kazi ya kuondosha mizigo bandarini Dar es Salaam, nikaoa. Wenzangu mtanielewa nikisema kwamba siku niliyotoka Visiga na sanduku langu la bati, nikapanda basi barabara ya Morogoro, kengele niliiacha nyuma, na sala nayo ikabaki huko huko pamoja na kengele. Sikukana imani. Dominika nilikwenda kanisani, Pasaka niliungama, michango ya jumuiya nililipa. Lakini kati ya Dominika na Dominika sikuwa na neno na Mungu. Niliamka saa kumi na moja kwa sababu ya foleni ya magari, siyo kwa sababu ya Masifu.

Mwaka 2014 baba yangu aliugua. Alikuwa katekista wa kijijini kwa miaka zaidi ya thelathini. Usiku mmoja, nikiwa nimekaa peke yangu kando ya kitanda chake, aliniomba nimsalie. Hakutaka sala ya kitabu. Alitaka tu nizungumze na Mungu kwa ajili yake, kama mtoto anavyoweza kusema na mtu anayemfahamu. Nikaanza Baba Yetu, nikamaliza. Nikaanza Salamu Maria, nikamaliza. Kisha nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kusema. Nilikuwa kama mtu aliyepelekwa kwa jirani ambaye hajaonana naye kwa miaka kumi na minne, tena kwenda kuomba msaada mkubwa. Baba aliuona ukimya wangu. Hakunilaumu, akanishika mkono, akanisalia yeye. Alifariki siku nne baadaye.

Ndugu zangu, tangu usiku ule nilianza kuyasoma maisha ya Mwalimu kwa jicho lingine. Nilitaka kujua mtu mwenye shughuli nyingi kuliko zangu aliwezaje. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi. Nyumbani kwao hapakuwa na Biblia wala msalaba. Alichunga mbuzi kama watoto wengine, na hakuanza shule mpaka alipofika umri wa miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, shule ya serikali iliyokuwa maarufu kuliko zote nchini wakati ule. Ni katika miaka hiyo ya shule alipoanza kusikia mafundisho ya Kikatoliki na kuyapenda.

Hapa tafadhali tusipite haraka. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tukapokea dini pamoja na maziwa ya mama. Yeye hakupewa. Alijifunza, akasubiri, akatafakari kwa miaka. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akaitwa Julius. Alikuwa na miaka 21, tena alikwisha kuwa mwanafunzi wa chuo cha Makerere, Uganda. Kwa hiyo alimchagua Mungu akiwa mtu mzima mwenye akili zake, na nadhani hiyo ni sababu moja iliyomfanya asimchukulie Mungu kama urithi ambao mtu huuweka darini na kuusahau. Kitu ulichokitembelea kwa miguu hukiachi kirahisi.

Alitoka Makerere mwaka 1945, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige. Mtoto wa mtemi mwenye wake wengi akawa na mke mmoja, akadumu naye mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka huo huo wa 1953 akaja kwetu. Nasema kwetu kwa sababu alipata kazi ya ualimu katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwenye vilima vile vya njia ya Kisarawe ambavyo sisi wa upande wa Kibaha tunavihesabu kuwa ni vya ujirani. Shule ilikuwa ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Asubuhi mwalimu huyo kijana alikuwa darasani na somo la historia. Siku za mapumziko alishuka mjini Dar es Salaam, mwendo wa kilomita ishirini na zaidi, mara nyingine kwa miguu, kwenda kwenye mikutano. Mjini alipokelewa na wazee Waislamu na vijana kama akina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, waliomfungulia nyumba zao. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, naye akawa rais wake.

Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague moja kati ya mawili: kubaki na ualimu au kubaki na siasa. Alikuwa na mke, na mshahara wa Pugu ndio uliokuwa chakula chao. Akaacha kazi.

Alirudi nyumbani Musoma kwa muda, naye hakuwa na kazi. Watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, tukiondolewa kazini tunakasirika hata na Mungu. Yeye katika miezi ile alimfundisha padre mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, akasaidia kuyatia maandiko ya ibada katika lugha hiyo ya mama yake. Nimelifikiria sana jambo hili. Mtu aliyepoteza mshahara wake, na ambaye hajui kesho itakuwaje, anakaa mezani na kutafuta neno la Kizanaki litakalotosha kubeba neno la Injili. Kwa macho ya watu kilikuwa ni kibarua tu. Lakini kila aliyewahi kutafsiri anajua kwamba huwezi kuligeuza neno katika lugha ya mama yako kabla hujajiuliza kwanza wewe mwenyewe unalielewaje. Hiyo nayo ni tafakari, tena ya ndani kuliko zile zetu za nusu saa ambazo tulikuwa tukisinzia.

Mambo yaliyofuata mnayajua kutoka vitabu vya historia. Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Jamhuri mwaka 1962, maasi ya askari Januari 1964, Muungano tarehe 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, vita vya Kagera mwaka 1978 mpaka 1979. Mimi nataka mtazame kitu kimoja tu kilichopita katikati ya mambo hayo yote kama uzi katika shanga, nacho ni Misa ya kila siku.

Akiwa Dar es Salaam, aliishi Msasani, na kanisa lake lilikuwa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Waumini wa parokia ile walizoea kumwona asubuhi na mapema, amekaa katika benchi kama mtu mwingine, akipanga foleni ya komunyo kama mtu mwingine. Aliposafiri alitafuta Misa huko alikokwenda. Wakati wa Kwaresima alifunga. Alipostaafu urais mwaka 1985 na kurudi Butiama kulima, aliendelea vile vile kama alivyokuwa akifanya mjini.

Sasa nirudi kwenye kicheko changu cha mwaka 1999. Nilisema rais ana walinzi wa kumwamsha. Nilikuwa mjinga. Nimekwisha kufanya kazi miaka zaidi ya ishirini, nimejifunza kwamba kadiri mtu anavyopata watu wa kumsaidia ndivyo anavyopata visingizio. Mlinzi aweza kumwamsha rais, lakini mlinzi huyo huyo ndiye atakayemletea simu ya dharura. Nani angemlaumu rais kwa kukosa Misa siku askari walipoasi, au siku majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka? Hakuna. Hata paroko asingemlaumu. Maadamu hakuna wa kumlaumu, basi aliyekwenda alikwenda kwa hiari. Sisi hapo Visiga tulikwenda kwa sababu kulikuwa na mlezi anayehesabu vichwa. Tofauti hiyo ndiyo niliyoicheka, nayo ndiyo iliyokuja kunihukumu kando ya kitanda cha baba.

Wapo watakaouliza swali gumu, nami naliuliza kabla yenu. Kama Mwalimu alisali hivyo kila siku, mbona aliruhusu mambo yaliyowaumiza watu? Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani, na wapo waliowekwa. Kuanzia mwaka 1973 wananchi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa, watu wakaacha mikorosho na makaburi ya wazee wao. Katika familia zetu za mkoa wa Pwani wapo wanaokumbuka. Mimi sitaki kulificha jambo hili eti kwa sababu naandika katika jarida la shule. Maisha ya mtu yakisimuliwa nusu nusu hayamfundishi mwanafunzi chochote, yanamfundisha kusifu tu.

Jibu langu ni hili, nalo ni langu, msilitwishe Kanisa. Sala ya kila siku haimgeuzi mtu kuwa malaika, wala haimpi majibu ya uchumi. Lakini kila Misa inaanza kwa mtu kujipiga kifua na kukiri kwamba amekosa, kwa mawazo na kwa maneno, kwa matendo na kwa kutotimiza wajibu. Mtu akifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka hamsini, na kama anafanya kwa moyo, ulimi wake unazoea kusema nimekosa. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliandika taarifa na kueleza waziwazi mahali ambapo nchi ilishindwa na mahali makosa yalipofanyika. Mwaka 1985 aliondoka madarakani mwenyewe kwa amani, wakati ambapo marais wengi wa Afrika waliondoka kwa mtutu wa bunduki au kwa jeneza. Sisemi kwamba Misa peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kupiga magoti kila siku haoni ajabu sana kushuka kitini.

Liko na jambo la shule, ambalo linatugusa sisi moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya elimu, na shule za misheni zikachukuliwa na serikali ili watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Hata Pugu, shule aliyofundisha yeye mwenyewe, ilichukuliwa. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa kwa kuwa kazi yake ni kuandaa mapadre, na ndiyo maana sisi tumepata kusoma katika seminari. Wapo mapadre walioumia sana kwa shule zao kuchukuliwa. Hata hivyo mtu aliyezichukua aliendelea kupiga magoti katika makanisa ya mapadre hao hao na kupokea komunyo kutoka mikononi mwao. Hakuhama kanisa kwa sababu ya ugomvi wa shule, wala hakulitumia kanisa kupata alichotaka. Alishikilia kwamba serikali haina dini ingawa wananchi wanazo, na aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa kanisani kila asubuhi. Imani yake haikuhitaji kulindwa na dola, maana alikuwa akiilinda mwenyewe kila kulipopambazuka.

Tena Kanisa lenyewe hakuliogopa. Oktoba 1970, akiwa New York kwa masista wa Maryknoll, aliwaeleza kwamba Kanisa lisiposimama upande wa maskini katika kuondoa dhuluma, watu watalihesabu kuwa ni sehemu ya dhuluma hiyo. Maneno hayo yalikuwa makali, na huenda wengine hawakuyapenda. Lakini anayezungumza na Mungu kila siku hupata ujasiri wa namna hiyo, kama mtoto wa nyumbani anavyoweza kusema chakula kimeungua, wakati mgeni atakula kimya kimya na kuondoka.

Katika uzee wake alirudia kazi ile aliyoianza alipokosa mshahara mwaka 1955. Safari hii alizitia Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili, na vitabu hivyo vitano vilichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Ninyi mnaosoma fasihi mnajua utenzi ulivyo: beti fupi, mizani minane kila mshororo, vina vitatu vinavyolingana na kituo kinachotembea mpaka mwisho. Mtu aweza kuisoma sura moja ya Injili kwa dakika tano. Kuitungia utenzi ni kazi ya siku nyingi, kwa sababu kila neno linapimwa, linatolewa, linarudishwa. Nilinunua moja ya vitabu hivyo baada ya msiba wa baba. Sikununua kwa ajili ya ushairi, maana mimi si mshairi. Nilinunua ili nione mzee wa miaka zaidi ya sabini, ambaye angeweza kupumzika, alivyokaa na ukurasa mmoja wa Injili mpaka ukubali kukaa katika mizani minane.

Kwa kulinganisha, nitamtaja mtu mmoja wa mbali. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifariki kwa ajali ya ndege karibu na Ndola tarehe 18 Septemba 1961. Baada ya kifo chake ilipatikana nyumbani kwake New York daftari ambalo lilionyesha kwamba mtu huyo wa mikutano na siasa alikuwa akisali kwa siri kwa miaka mingi, na karibu hakuna aliyejua. Mmoja aliandika daftari, mwingine alitunga utenzi. Nadhani wote wawili walifahamu kwamba sala isiyo na kazi ya mkono huyeyuka kama umande. Mkono ukishika kalamu, moyo hautoroki upesi.

Miaka ya mwisho Mwalimu alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, huku akiugua saratani ya damu. Alifariki London katika hospitali ya St Thomas', akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999. Mwaka 2005 ulianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri kutoka Jimbo la Musoma, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kila mwaka tarehe 1 Juni, mahujaji wa Tanzania na wa Uganda hukutana Namugongo kumwombea. Kama atatangazwa au hatatangazwa, hiyo ni kazi ya Kanisa, nalo lina subira kuliko sisi. Mimi siandiki kumfanya mtakatifu. Naandika kwa sababu nilitafuta mtu wa kunifundisha namna ya kuamka.

Sasa niseme kidogo nilichofanya, kwa faida ya wenzangu waliopotelea njiani kama mimi.

Kwanza niliacha kungoja nipate nafasi. Mwalimu hakupata nafasi. Aliiweka, kisha mambo mengine yakajipanga kuizunguka. Mimi niliiweka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya kuoga. Dakika kumi na tano tu. Mwezi wa kwanza nilianguka siku nyingi kuliko nilizosimama, nami ningali naanguka.

Pili nilichagua mahali pamoja. Mwalimu alikuwa na benchi. Mimi nina kigoda karibu na dirisha la jikoni. Mke wangu alicheka mwanzoni. Sasa akinikuta sipo kigodani hunionya, kwa hiyo nimepata kengele yangu.

Tatu, nasoma Injili ya siku na kunakili mshororo mmoja kwa mkono katika daftari la watoto la kurasa mia. Sina utenzi wa kutunga, lakini kunakili naweza. Kuna siku ambazo mshororo ule hausemi kitu. Nanakili hivyo hivyo, kama mkulima anavyopalilia shamba ambalo bado halijaota.

Nne, nilijifunza kusema na Mungu mambo ya kweli. Namtajia mzigo uliokwama bandarini, deni, mtoto aliyefeli hesabu, mkubwa wangu wa kazi ambaye simpendi. Hili ndilo lililonishinda kando ya kitanda cha baba. Nilikuwa na sala zote za kitabu lakini sikuwa na mazungumzo.

Mwaka jana mama yangu naye aliugua, akalazwa. Usiku mmoja aliniomba nimsalie. Sikuwa fasaha, wala sitadai kwamba mbingu zilifunguka. Lakini nilijua la kusema, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimekwisha kumtaja mbele za Mungu kwa jina, na juzi yake, na mtondo wake. Nilisema hali yake, woga wangu, na shukrani. Mama akaitikia amina. Alipona, naye yupo nyumbani. Na hata asingepona, nisingekuwa tena yule mgeni aliyenyamaza.

Wadogo zangu wa Visiga, kesho asubuhi kengele italia, nanyi mtaichukia, kama tulivyoichukia sisi. Siwaambii mwipende. Nawaambia tu kwamba siku mtakayomaliza kidato cha nne au cha sita, mkipanda basi barabara ya Morogoro na masanduku yenu, kengele hiyo haitawafuata. Wengine mtakuwa mapadre, wengine walimu, madereva, wahasibu, na labda mmoja wenu atakaa Ikulu. Popote mtakapokuwa hapatakuwa na mlezi wa kuhesabu vichwa. Basi itumieni miaka hii michache, wakati kengele bado inapigwa na mtu mwingine, kujizoeza kuamka kwa ajili ya Yule anayewangoja kikanisani.

Wazee wenzangu, tukutane siku ya mkutano wetu. Misa itakuwa saa moja kamili asubuhi. Safari hii naahidi sitanong'ona.